Konde: Ngumi, Shamba na Nchi ya Mto Songwe

Konde ni neno la Kiswahili lenye umri mrefu na matumizi machache siku hizi. Kamusi hulipa maana kuu mbili: mkono uliofumbatwa vidole, yaani ngumi, na ardhi iliyolimwa, yaani shamba. Nje ya kamusi, Konde ni mji mdogo kaskazini mwa Pemba, na pia ni shina la jina la kabila kubwa la Mtwara na Msumbiji. Kisha ipo maana nyingine ambayo wengi hawaijui. Tangu miaka ya 1880 hadi kwenye miaka ya 1930, Konde lilikuwa jina ambalo wageni walilitumia kuwaita wakazi wa ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mahali ambapo leo pana wilaya za Kyela na Rungwe upande wa Tanzania, na Karonga upande wa Malawi. Maana hiyo ndiyo inayostahili kukaliwa kwa muda, kwa kuwa inaitaja nchi iliyojulikana kwa jina moja kabla mto haujafanywa mpaka.

Maana ya ngumi ndiyo iliyo hai kuliko zote. Magazeti bado huandika kwamba wachezaji walirushiana makonde, na watangazaji wa masumbwi hulipenda neno hili kwa mlio wake. Lakini ngumi na konde havilingani sawasawa. Ngumi ni pigo na ni mchezo pia, ilhali konde linabakia karibu na umbo la mkono wenyewe, kiganja kilichofungwa kikashika kitu au kikajishika chenyewe. Ndiyo maana mtu aliyefikwa na msiba huambiwa apige moyo konde. Haambiwi ashambulie, anaambiwa aukaze moyo usitawanyike. Usemi huu umelihifadhi neno kuliko kamusi yoyote, kwani hata mtoto wa shule asiyewahi kusikia konde la mahindi anajua kupiga moyo konde.

Maana ya shamba inazidi kufifia, hasa Tanzania bara, ambako shamba limeshika kazi zote, kuanzia bustani ya nusu ekari hadi mashamba makubwa ya mkonge. Kenya hali ni tofauti kidogo. Waandishi wa huko bado huandika kwamba mtu yuko kondeni, ametoka kondeni, analima konde lake. Konde katika maana hii ni ardhi ambayo mkono wa mtu umeipitia. Pori halikuwa konde hata kama lilikuwa na mwenyewe, na lilipofyekwa, likachomwa na kupandwa ndipo lilipostahili jina hilo. Kamusi huziweka ngumi na shamba kama maneno mawili yanayofanana kwa sauti tu, na hakuna haja ya kulazimisha undugu kati yake.

Kutoka kwenye ardhi ndipo wengi wanapoanzia wanapolieleza jina la Wamakonde. Uwanda wa juu wa Makonde uko pande zote mbili za Mto Ruvuma: Newala na Tandahimba upande wa Tanzania, Mueda upande wa Msumbiji. Wamakonde wamejulikana duniani kwa vinyago vya mpingo, na Dar es Salaam wachongaji wa Mwenge wamekuwa shule ya sanaa hiyo kwa miongo mingi. Baadhi yao walihamia Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakaishi vizazi kadhaa bila uraia, hadi serikali ilipowatambua kuwa kabila la 43 la nchi hiyo na kuwapa vitambulisho mwaka 2017. Kijana wa leo akisikia Konde, huenda kitu cha kwanza kumjia ni Harmonize, mwanamuziki wa Mtwara aliyejiita Konde Boy na kuipa kampuni yake ya muziki jina hilohilo. Ni fahari ya kabila iliyofupishwa ikawa jina la jukwaani, na imelirudisha neno midomoni mwa watu. Lakini Konde huyo ni wa Ruvuma. Konde wa Nyasa ni mwingine kabisa, na kuchanganya wawili hao kumeleta makosa mengi katika usomaji wa historia ya kusini mwa Tanzania.

Nchi yenyewe ni rahisi kuielewa mtu akiitazama kutoka juu. Milima ya Livingstone inashuka wima upande wa mashariki hadi ziwani, pale Matema na Ikombe. Kaskazini kuna Mlima Rungwe na nyanda za Tukuyu, zenye baridi, migomba na chai. Kati ya milima na maji pana bonde tambarare, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, lenye joto, udongo wa mafuriko na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mito ya Lufilyo, Mbaka, Kiwira na Songwe inalipita bonde hilo kuingia ziwani. Huo ndio uwanda wa Kyela, wenye mchele ambao jina lake hutumiwa hata na wauzaji wa mchele usiotoka huko, na kakao inayokua chini ya kivuli cha miti mikubwa. Ukivuka Songwe kwenda kusini, hakuna kilima wala msitu wa kuonyesha kwamba umeingia nchi nyingine. Uwanda unaendelea hadi Karonga.

Kwa lugha ya wenyeji, uwanda huo wa ziwani uliitwa Ngonde. Jina lilikuwa la ardhi kwanza. Watu walijitaja kwa maeneo yao au kwa watawala wao, wakiwamo Wakukwe, Waselya na Wasaku, na Wanyakyusa walikuwa kundi moja tu miongoni mwao. Aliyeshuka bondeni alishuka Ngonde, na aliyeishi huko alikuwa mtu wa Ngonde, bila kujali alikuwa upande gani wa Songwe.

Namna Ngonde ilivyogeuka kuwa Konde inaelezeka vizuri kwa kanuni za sauti. Katika Kinyakyusa, herufi k ikitanguliwa na king'ong'o hugeuka kuwa g, hivyo shina konde likipata king'ong'o mbele yake husikika ngonde. Kiswahili hakifanyi hivyo. Kikikutana na king'ong'o mbele ya k, hukidondosha, ndiyo sababu husemwa nyumba kubwa na siyo nyumba nkubwa. Kichewa nacho kina njia yake ya tatu, ya kutamka k kwa pumzi nzito, na ndipo yalipotoka maandishi kama Nkhonde. Kwa hiyo orodha ya majina inayomkanganya msomaji wa vitabu vya zamani, Konde, Nkonde, Wankonde, Ngonde, Wangonde, haina makabila matano ndani yake. Ni jina moja lililosikika kwa masikio ya watu mbalimbali: mfanyabiashara wa pwani, mkalimani wa Kichewa, afisa wa Kiingereza, mmisionari wa Kijerumani. Kila mmoja aliandika alichosikia, au alichoambiwa na mtu wa safari yake.

Wafanyabiashara wa pwani walifika kabla ya Wazungu wengi. Mtawala wa Ngonde, Kyungu, aliyekaa kwenye kilima cha Mbande karibu na Karonga, alipata nguvu kwa biashara ya pembe za ndovu. Baadaye biashara hiyo ikageuka kuwa balaa. Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejenga ngome karibu na Karonga, aliwashambulia Wangonde mwaka 1887 na kuwaua wengi kwenye wangwa la Kambwe. Kampuni ya Waskoti iliyokuwa na kituo Karonga ikaingia vitani. Kapteni Frederick Lugard, ambaye baadaye angekuwa gavana mashuhuri wa Nigeria, aliongoza shambulio mwaka 1888 na kujeruhiwa mkononi. Vita vilidumu kwa vipindi hadi Desemba 1895, Harry Johnston alipoiteka ngome na kumnyonga Mlozi. Katika taarifa za Kiingereza za vita hivyo, waliouawa na waliotetewa wanaitwa Wankonde. Jina lao liliingia London likiwa jina la watu walioteswa, na kwa bahati mbaya wasomaji wengi hawakuwahi kuwajua kwa lolote lingine.

Upande wa kaskazini wa mto, jina lilipata maisha tofauti. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian wakiongozwa na Theodor Meyer walifungua kituo Rungwe, na katika mwaka huohuo Alexander Merensky alileta kundi la misheni ya Berlin, wakapanda kutoka ziwani na kugawana eneo na Wamoravian. Wajerumani waliita nchi yote hiyo Kondeland, milima kwa bonde. Hapo ndipo neno lilipopanuka kupita maana yake ya awali, likawafunika pia watu wa nyanda za juu ambao hawakuwahi kujiita watu wa Ngonde. Mwaka 1899 mmisionari Schumann alichapisha muhtasari wa sarufi na kuuita sarufi ya lugha ya Konde. Mwaka 1914 mwenzake Endemann alitoa mazoezi ya kujifunza lugha hiyohiyo, lakini juu ya jalada sasa paliandikwa Nyakyusa. Katika miaka 15 jina la lugha lilikuwa limeanza kuhama bila lugha yenyewe kubadilika.

Katikati ya vitabu hivyo kuna kimoja kinachoonyesha hatari ya kusoma kwa haraka. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Kijerumani aliyeishi Langenburg ufukweni mwa Nyasa, alichapisha mwaka 1906 kitabu kikubwa juu ya maeneo ya Nyasa na Ruvuma. Ndani ya kitabu hicho kimoja wamo Wakonde wa ziwani na Wamakonde wa uwanda wa juu. Mwandishi aliwatofautisha, lakini mtu anayefuata jina pekee, akipitia faharasa bila kutazama ramani, ataishia kuwapa watu wa Kyela mila za watu wa Newala.

Uingereza ilipochukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jina Konde liliendelea kidogo. D. R. MacKenzie, mmisionari wa Kiskoti aliyefanya kazi Karonga kwa zaidi ya miaka 20, alichapisha mwaka 1925 kitabu kuhusu imani na maisha ya watu hao, na bado aliwaita Wakonde. Kisha wakaja Godfrey na Monica Wilson, mume na mke, waliofanya utafiti kati ya 1934 na 1938. Godfrey aliandika juu ya utawala wa Ngonde, upande wa Nyasaland ya wakati huo. Monica, baada ya kifo cha mumewe, aliandika vitabu vinne juu ya watu wa upande wa Tanganyika, vilivyotoka 1951, 1957, 1959 na 1977. Vitabu vyake juu ya vijiji vya marika, ambamo vijana wa umri mmoja walijenga na kuishi pamoja, vinasomwa katika vyuo vikuu hadi leo. Ndani yake watu hao ni Wanyakyusa.

Mgawanyo wa majina ulitimia hapo. Kaskazini ya Songwe wakawa Wanyakyusa, kusini wakabaki Wangonde, na Konde, lililokuwa jina la pande zote mbili, likaachwa katikati bila mwenyewe. Haikuwa njama ya mtu. Kila serikali ilihitaji jina la watu wake kwenye daftari za kodi, na kila mtafiti alipata kibali kwa serikali moja. Hata hivyo matokeo yake ni mazito: mtu akisoma vitabu hivyo vya Kiingereza peke yake anaweza kuamini kwamba yalikuwapo mataifa mawili yaliyotazamana ng'ambo ya mto tangu kale. Wataalamu wa lugha hawakudanganyika. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kinyakyusa na Kingonde vina namba moja, M31.

Mpaka wenyewe ulitokana na mkataba wa Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, uleule uliohusu Zanzibar na kisiwa cha Helgoland. Huko Ulaya mto ulionekana mstari mzuri wa kugawana nchi. Anayesimama kwenye ukingo wake katika kata ya Katumba Songwe, sehemu za chini ambako mto unakaribia ziwa, anaona jambo jingine. Hakuna mwamba wa kuushikilia mto. Kingo ni udongo laini wa kahawia, tabaka juu ya tabaka, ulioletwa na mafuriko ya miaka iliyopita. Masika yanapokolea, maji hula ukingo wa nje wa kila kona na kutua mchanga upande wa ndani. Mchikichi uliopandwa kuwa alama ya mwisho wa shamba hubaki mizizi nje, kisha huanguka, kisha hubebwa. Jaruba la mpunga hupungua mstari mmoja baada ya mwingine. Na kuna miaka ambayo mto haupunguzi tu, bali hukata njia mpya kabisa na kuacha njia ya zamani ikiwa dimbwi la kambare. Hapo mkulima aliyelala Tanzania huona asubuhi kwamba konde lake, kwa maana ya kamusi, liko upande wa Malawi, au la jirani yake wa Malawi limekuja kwake.

Watu wa pande zote mbili wamezoea kumalizana wenyewe kwa muda mrefu. Wanaoleana, wanazikana, wanasikilizana lugha, na siku za soko wanavuka kwa mitumbwi na kwa daraja la Kasumulu. Tatizo ni la serikali zaidi kuliko la wanakijiji, kwa kuwa mstari unaotembea hauwezi kulindwa. Tanzania na Malawi zimekuwa na mpango wa pamoja wa kutuliza mto, kujenga mabwawa ya kuzuia mafuriko, kuzalisha umeme na kumwagilia mashamba, na mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda Kamisheni ya Bonde la Mto Songwe, yenye makao Kyela. Ni chombo kinachoishughulikia nchi ya zamani ya Konde kama bonde moja, zaidi ya miaka 120 tangu mto ufanywe mpaka. Juu ya ziwa lenyewe nchi hizo mbili hazijakubaliana hata jina, achilia mbali mpaka. Juu ya mto zimekubaliana, na hilo lilipaswa kupewa uzito mkubwa kuliko linavyopewa.

Jina Songwe nalo lina mitego yake. Mto wa Kyela si mto pekee wenye jina hilo. Songwe nyingine inatiririka upande wa pili wa milima kuelekea Ziwa Rukwa, na Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 na makao yake yakiwa Vwawa, haujumuishi Kyela, ambayo ni ya Mkoa wa Mbeya. Uwanja wa ndege wa Songwe uko Mbeya pia, mbali na mpaka. Katumba vilevile zipo kadhaa: iko ya Rungwe yenye kiwanda cha chai, na iko ya Katavi iliyokuwa makazi ya wakimbizi kutoka Burundi. Majina mawili yakiwekwa pamoja, Katumba Songwe, yanaondoa utata ambao kila moja peke yake lingeuacha.

Mahali ambapo Konde ya ziwani bado inaishi kama jina rasmi ni kanisani. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lina Dayosisi ya Konde, mrithi wa kazi iliyoanzishwa na misheni ya Berlin, yenye sharika Rungwe, Kyela na Mbeya, na hospitali pale Matema. Waumini hulitaja jina hilo kila Jumapili, katika matangazo, kwenye kwaya, kwenye mihuri ya barua. Wengi wao, wakiulizwa kabila, watasema Wanyakyusa au Wakinga au Wandali, wala hawatasema Wakonde. Kwao Konde si kabila. Ni eneo la kanisa, na kwa hiyo limerudi kuwa karibu na kile lilichokuwa mwanzo: jina la nchi, lisilouliza ukoo wa mtu.

Hilo ndilo linalolifanya neno hili kustahili kutunzwa. Nyakyusa na Ngonde leo ni majina ya watu, na majina ya watu huchora mipaka hata pasipokuwa na nia mbaya. Konde lilichukua kila aliyekaa katika ardhi ile. Wanaoandika historia ya Kyela kwa ajili ya shule wangefanya vyema kulitumia wanapozungumzia miaka ya kabla ya 1890, kwa maana ya nchi ya ziwani kutoka Matema hadi Karonga, badala ya kuwarudisha Wanyakyusa na Wangonde nyuma hadi wakati ambao majina hayo hayakuwa yamegawana mto.

Na msomaji anayekutana na Wakonde katika barua ya misheni, taarifa ya serikali au kitabu cha msafiri, atafute kwanza mto uliotajwa karibu. Ukiwa Songwe, Kiwira, Mbaka au Lufilyo, anasoma habari za watu wa Nyasa. Ukiwa Ruvuma, anasoma habari za Wamakonde. Pasipotajwa mto wowote, asinukuu chochote mpaka awe ameiona ramani.